HAIPO, HAIKO AU HAIMO?
Uhakiki wa Istilahi za Kutafuta Folda katika Kompyuta

Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umeshughulika kwa muda mrefu na majina ya vitu. Pamekuwa na ubishi kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Kama neno la siri liitwe nywila. Na kama kile kisanduku kilichoingia sebuleni matangazo ya televisheni yalipoanza kuhamia mfumo wa dijitali, mwisho wa mwaka 2012, kiitwe king'amuzi au kisimbuzi. Ubishi huo si wa bure. Lakini umeacha kando upande mwingine wa kazi yetu, nao ni lugha ya maelezo: sentensi ambazo chombo humwambia mtumiaji pale jambo linapokwenda mrama, na sentensi ambazo miongozo ya ofisi humwelekeza la kufanya.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ya lugha hiyo, ile inayohusu folda isiyoonekana katika matokeo ya utafutaji ilhali anayeitafuta anajua kwamba aliiweka kwa mkono wake. Hoja yetu ni tatu. Kwanza, tafsiri zilizozoeleka hutumia neno moja, aghalabu haipo au haipatikani, kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali. Pili, Kiswahili kwa sarufi yake ya mahali kina uwezo wa kuyatenganisha mambo hayo bila kuunda neno hata moja jipya. Tatu, kutoyatenganisha kunaleta hasara ya kweli, hasa katika utumishi wa umma.

Masjala na Uhamisho wa Makao Makuu

Hapana mji nchini Tanzania unaofaa zaidi kuwa mfano wa suala hili kuliko Dodoma. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko kutoka Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, yaani CDA, ikaundwa mwaka huo huo. Uhamisho ulikwenda polepole kwa zaidi ya miaka 40. Kisha Julai 2016 ikatangazwa kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Wizara zikaanza kuhama. Na Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Katikati ya hayo, Mei 2017, CDA ilivunjwa na shughuli zake zikakabidhiwa Manispaa ya Dodoma, ambayo mwaka uliofuata ikapandishwa kuwa Jiji.

Kila tukio la namna hiyo ni uhamisho wa kumbukumbu. Watu hupanda gari na kufika. Jalada hufungwa katika sanduku, hubadili ofisi, huenda hata likabadili namba. Jalada la kiwanja likishabadili mwenye kulitunza, swali la kwanza la mwenye kiwanja si kama karatasi zake ni halali, bali ni kama karatasi zake zitaonekana.

Masjala za Serikali zimekuwa na majibu ya swali hilo tangu zamani, nayo yana daraja. Karani wa masjala aliyefundishwa vema hasemi tu kwamba jalada halipo. Hutazama kwanza rejista ya majalada, aone kama jalada lilipata kufunguliwa. Likiwa limeandikwa humo, hutazama kadi inayoonyesha limekwenda kwa nani. Likiwa halikwenda kwa mtu, hutazama kabati. Baada ya hatua hizo ndipo anapotamka neno zito, kwamba jalada limepotea, na neno hilo lina taratibu zake na wakati mwingine lina adhabu yake. Tena anajua kwamba yapo majalada ambayo hayamo katika rejista yake kwa makusudi, kwa kuwa yamo katika masjala ya siri. Neno masjala lenyewe ni ndugu wa kusajili na msajili. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuandika katika daftari. Yaani tangu mwanzo masjala ni mahali pa orodha kwanza, na mahali pa makabati baadaye.

Tofauti hii baina ya orodha na kabati ndiyo iliyopotea tulipoingia katika kompyuta.

Jinsi Kompyuta Inavyotafuta

Ni lazima tueleze kwa ufupi jambo lenyewe lilivyo, maana istilahi haihakikiwi bila kujua kinachotajwa.

Mtumiaji anapoandika neno katika kisanduku cha kutafutia, kompyuta za siku hizi kwa kawaida haziendi kufungua kila folda. Zinatazama orodha iliyokwisha kuandaliwa, ambayo ndani yake maneno yamepangwa pamoja na anwani za mahali yanapopatikana. Orodha hiyo huandikwa na programu inayofanya kazi kimyakimya, ikipita katika folda ilizoruhusiwa kuzipitia. Utafutaji wa namna hii ulienea katika kompyuta za mezani katikati ya muongo wa 2000: Google ilitoa programu yake ya kutafuta ndani ya kompyuta mwaka 2004 na kuiondoa mwaka 2011, kampuni ya Apple ilileta Spotlight mwaka 2005, na Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ikaufanya utafutaji huo kuwa sehemu ya mfumo wenyewe.

Basi folda inaweza kukosekana katika matokeo kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani na kupotea. Katika Windows 10 na 11, utaratibu wa kawaida hupitia folda za mtumiaji za nyaraka, picha na muziki, pamoja na eneo la mezani la kioo; folda iliyowekwa katika sehemu nyingine ya diski, kwa mfano ile yenye herufi D, haiingizwi mpaka mtumiaji aseme iingizwe. Folda za mfumo wenyewe huachwa nje kwa makusudi. Folda iliyo katika kompyuta nyingine ya ofisini, inayofikiwa kwa mtandao, kwa kawaida haiingizwi. Waraka uliopigwa picha kwa skana waweza kuingizwa kwa jina lake tu, kwa kuwa maneno yaliyo ndani yake ni picha na si herufi. Orodha yaweza kuwa haijakamilika, hasa kompyuta inapotumia betri na programu ya kuandika orodha ikapunguza mwendo. Pia orodha yaweza kuharibika, ikahitaji kuandikwa upya.

Yote hayo ni mambo ya orodha. Kabati ni zima, na karatasi zimo.

Istilahi Zilizopo na Kasoro Zake

Tuanze na majina matatu yanayogongana: folda, faili na jalada. Mtumishi wa umma huita faili lile jalada la karatasi lenye barua nyingi ndani yake. Kompyuta huita faili waraka mmoja, na kile kinachobeba nyaraka nyingi hukiita folda. Kwa hiyo mtumishi anayeambiwa kwamba faili lake halionekani hufikiri kuwa shauri zima limetoweka, kumbe ni barua moja. Wapo wanaopendekeza folda iitwe kabrasha, na wapo wanaopendekeza jalada. Kabrasha ni neno zuri, lakini katika mikutano yetu limekwisha kupata maana ya mkusanyiko wa karatasi anazopewa mjumbe, nalo lina uzito wa mkono. Jalada lina sifa ya kufanana na kitu chenyewe, lakini ofisi inayotunza majalada ya karatasi na folda za kompyuta kwa pamoja inahitaji maneno mawili na si moja. Maoni yetu ni kwamba folda na faili zimekwisha kukubalika midomoni mwa watu, na kuziondoa sasa ni kupoteza nguvu. Kinachotakiwa ni kila mwongozo uanze kwa sentensi moja kwamba folda hubeba mafaili kama jalada linavyobeba barua. Sentensi hiyo itafanya kazi kuliko istilahi mpya tatu.

Neno la pili ni lile la orodha yenyewe. Hapa tunaona faharasa, fahirisi na kielezo. Kielezo hatukipendelei, maana katika vitabu vyetu ni mchoro au mfano unaoeleza jambo. Fahirisi imekwisha kukaa mahali pengine: wanauchumi wetu wanayo Fahirisi ya Bei, na haifai kumfanya mtu wa takwimu asome neno moja kwa maana mbili katika siku moja ya kazi. Imebaki faharasa. Tatizo la faharasa ni kwamba wanafunzi wengi wanaijua kama orodha ya maneno magumu na maana zake mwishoni mwa kitabu cha hadithi. Hata hivyo asili yake ni orodha ya kumwonyesha msomaji mahali jambo lilipo, na maana hiyo ndiyo hasa inayotakiwa. Tunaiunga mkono, kwa sharti kwamba inapotajwa mara ya kwanza iitwe faharasa ya utafutaji.

Tunapinga, hata hivyo, vitenzi vinavyoundwa kutokana nayo kwa kuongezewa viambishi, kama vile kufaharasisha. Kitenzi hicho ni kizito mdomoni, na hakimwambii mtu kitu ambacho hakimo katika maneno ya kawaida. Kiswahili husema kuingiza katika faharasa, na kutoka hapo hupata bila shida folda iliyoingizwa, folda isiyoingizwa, na folda iliyomo.

Neno la tatu ni lile la folda iliyoachwa kwa makusudi. Miongozo hupenda kusema imetengwa au imeondolewa. Kuondolewa kunaarifu kwamba kitu kilikuwamo kisha kikatolewa, na huenda hakikuwamo hata siku moja. Kutengwa kuna harufu ya adhabu au ya maradhi. Folda iliyotengwa yaelekea kuwa na virusi. Yafaa kusema kwa ukweli kwamba imeachwa nje ya faharasa.

Neno la nne ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Orodha inapoharibika, dawa yake ni kuifuta na kuiandika nyingine. Mwongozo ukiandika futa na ujenge upya, bila kusema kinachofutwa, mtumishi mwangalifu hatabonyeza kamwe, kwa kuwa anaamini kwamba atafuta kazi ya miaka 10. Wala si mjinga kuogopa. Kinachofutwa ni orodha peke yake. Nyaraka zenyewe haziguswi. Lakini sentensi haikumwambia hivyo. Tafsiri iliyo salama ni kuiandika faharasa upya, na iandamane na maneno haya: nyaraka zako hazitafutwa. Kujenga ni kitenzi cha nyumba, orodha huandikwa.

Haipo, Haiko, Haimo

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki wetu. Tuchukue sentensi mbili zifuatazo, ambazo tumezitunga kwa ajili ya makala haya lakini ambazo sura yake si ngeni kwa yeyote aliyewahi kusoma maelezo ya kompyuta kwa Kiswahili:

(a) Folda uliyotafuta haipo.
(b) Folda uliyotafuta haipatikani.

Sentensi (a) ni ya uongo katika hali nyingi tulizozieleza hapo juu. Kiambishi -po huonyesha mahali maalumu panapojulikana, lakini kisipotajiwa mahali huchukua maana ya kuwapo kwa ujumla. Tukisema mtu fulani hayupo, bila kueleza wapi, msikilizaji hupunguza sauti. Vivyo hivyo folda isiyokuwapo ni folda isiyo na dunia. Chombo kilichotazama orodha yake peke yake hakina haki ya kutamka hivyo, sawa na karani asivyokuwa na haki ya kusema jalada limepotea kabla ya kufungua kabati.

Kiambishi -ko huonyesha mahali pasipo dhahiri. Folda iko, lakini haijulikani ni upande gani: pengine iliburutwa kwa bahati mbaya ikaingia katika folda nyingine, pengine iko katika kompyuta ya mwenzako. Anayeambiwa kwamba folda haiko mahali pake huelewa kwamba kazi yake ni kuifuata ilikokwenda.

Kiambishi -mo huonyesha undani. Folda haimo katika faharasa. Folda imo katika diski. Sentensi hizi mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hapo ndipo tatizo lote linapofumbuliwa. Mtu aliyeambiwa kwamba folda yake haimo katika faharasa amekwisha kuambiwa ugonjwa na dawa: kama haimo, na iingizwe.

Lugha imetupatia pia hapana, hakuna na hamna, zenye mgawanyo huo huo. Lugha nyingi za Kibantu, Kigogo cha wenyeji wa Dodoma kikiwamo, zina ngeli za mahali. Kwa hiyo mtumishi aliyelelewa Mpwapwa au Kongwa hahitaji kufundishwa wazo hili kama jambo la kigeni. Lugha nyingi ambazo maelezo ya kompyuta huandikwa kwanza hazina viambishi vya namna hii. Mwenye kufasiri kutoka katika lugha hizo hukuta neno moja, naye huandika neno moja. Hili ndilo kosa la kufasiri maneno badala ya kufasiri hali.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu wengi huchanganya viambishi hivi, na hasa -po na -ko. Mtu aweza kutuuliza kwa nini tutegemee tofauti ambayo wasemaji wenyewe hawaijali. Jibu letu ni kwamba -mo haichanganywi kwa urahisi hivyo. Hakuna asemaye kwamba sukari haiko katika chai akimaanisha kuwa duka limefungwa. Pamoja na hayo, lugha ya maelezo haipaswi kuwa legevu kama ya barazani. Kazi yake ni kuongoza mkono wa mtu aliye peke yake mbele ya kioo, asiye na wa kumwuliza.

Ama sentensi (b), kasoro yake ni ya wakati. Haipatikani hueleza hali inayodumu. Simu inapotuarifu kwamba mtu hapatikani, tunaelewa kwa sababu tumezoea, na hatuweki matanga; lakini mazoea hayo hayajafika kwenye nyaraka, na waraka usiopatikana katika ofisi ya Serikali ni waraka uliopotea. Haikupatikana ni sentensi tofauti: inasema kwamba palifanyika utafutaji na haukufanikiwa. Inaacha mlango wazi wa kutafuta tena. Badiliko la umbo ni dogo tu, lakini la kwanza ni hukumu na la pili ni taarifa.

Pamoja na hayo, taarifa isiyosema ilitafuta wapi ni nusu taarifa. Kwa hiyo sentensi kamili ingekuwa: Folda hii haikupatikana katika faharasa; huenda imo katika sehemu ya diski isiyoingizwa.

Hasara Inayotokana na Neno Moja

Msomaji aweza kuona kwamba tunakuza jambo dogo. Na tufikirie basi ofisi ya ardhi. Ofisa anatafuta folda ya kiwanja. Kompyuta inamjibu kwamba haipo. Mwananchi amesimama mbele yake tangu asubuhi. Ofisa mwenye bidii, kwa nia njema kabisa, hufungua folda mpya yenye jina lile lile na kuweka humo barua ya leo. Tangu siku hiyo kiwanja kimoja kina folda mbili: moja ina historia, nyingine ina maamuzi. Atakayekuja baadaye ataona ile iliyomo katika faharasa, ataamini kwamba ndiyo yote, na atatoa uamuzi pasipo kusoma barua zilizotangulia. Mambo kama haya, katika mji unaogawa viwanja kwa wingi kama Dodoma, huishia katika mabaraza ya ardhi.

Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 haikutunga wajibu kwa karatasi peke yake. Kumbukumbu ni kumbukumbu, iwe katika karatasi au katika mashine. Nayo Serikali inaendelea kuhimiza kazi zifanyike kwa Ofisi Mtandao, chini ya uangalizi wa Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kadiri karatasi inavyopungua, ndivyo neno la kioo linavyochukua nafasi ya neno la karani. Yule karani alijua kupambanua. Kioo kitapambanua ikiwa tu mfasiri amepambanua.

Kiswahili na Herufi za Mwanzo

Lipo jambo la pili ambalo miongozo iliyofasiriwa haiwezi kulitaja, kwa kuwa lugha iliyofasiriwa haina tatizo hilo. Programu nyingi za kutafuta hulinganisha mwanzo wa maneno: mtu akiandika herufi chache za kwanza, hupata kila neno linaloanza nazo. Utaratibu huo unafaa sana katika lugha inayoongeza alama ya wingi mwishoni mwa neno, maana umoja na wingi huanza sawasawa. Kiswahili hubadili mwanzo. Anayetafuta kiwanja hataletewa Viwanja. Anayetafuta mkataba hataletewa Mikataba. Anayetafuta watumishi hataletewa folda ya Mtumishi. Anayetafuta jalada hataletewa Majalada, ingawa herufi zote sita alizoziandika zimo ndani ya neno hilo.

Wanakamusi wetu walikutana na tatizo hili zamani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya maneno mengi chini ya kitenzi yalikotokana, hata msomaji alihitaji kujua mzizi kabla ya kuanza kutafuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliyapa majina vidahizo vyake vyenyewe kwa umbo la umoja. Kila njia ina gharama yake, lakini mtunga kamusi angalau alimweleza msomaji katika utangulizi ni njia gani aliyoifuata. Kompyuta haina utangulizi.

Kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili unapaswa kuwa na kipengele ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa Kiingereza: kabla ya kusema kwamba folda haikupatikana, tafuta kwa umoja na kwa wingi. Na ofisi nazo zichague umbo moja la kutajia folda zao. Sisi tunapendekeza umoja, kwa kuwa ndilo umbo la kamusi na ndilo alilolizoea kila mwanafunzi.

Mfano wa Maelezo

Uhakiki unaobomoa bila kuonyesha njia hauna faida. Tunatoa hapa mfano wa maelezo ambayo walimu na maofisa wanaweza kuyatumia na kuyarekebisha. Yamepangwa kwa maswali, kwa utaratibu wa masjala.

1. Je, ipo? Usitumie kisanduku cha kutafutia. Nenda mwenyewe hatua kwa hatua hadi pale ulipoiweka, ukifungua folda moja baada ya nyingine. Ukiiona, folda ni nzima na tatizo ni la faharasa.

2. Je, iko wapi? Kama hukuiona mahali pake, tazama folda zilizo jirani, kisha pipa la taka la kompyuta. Waulize wanaotumia kompyuta hiyo kama waliihamisha. Usifungue folda nyingine yenye jina hilo.

3. Je, imo katika faharasa? Fungua mpangilio wa faharasa, utazame orodha ya mahali panapopitiwa. Kama sehemu yenye folda yako haikutajwa, iongeze. Tazama pia orodha ya folda zilizoachwa nje, kwani huenda jina lake limeandikwa humo.

4. Je, yaliyomo yamesomwa? Kama folda inaonekana kwa jina lakini maneno ya ndani ya nyaraka hayaonekani, huenda nyaraka hizo ni picha za skana, au faharasa imeagizwa kusoma majina tu.

5. Je, umeandika umbo gani la neno? Jaribu umoja, kisha wingi.

6. Ikiwa yote hayo hayakufaa, iandike faharasa upya. Nyaraka zako hazitafutwa. Kazi hii yaweza kuchukua saa kadhaa, na matokeo hayatakuwa kamili mpaka iishe. Afadhali ianzwe jioni, kompyuta ikiwa imeunganishwa na umeme.

Msomaji ataona kwamba maelezo haya hayana neno lolote ambalo karani wa Singida au Manyoni asingelielewa, isipokuwa faharasa, nayo hufahamika mara moja ikifananishwa na rejista ya majalada.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi na misemo ifuatayo:

Faili: waraka mmoja ulio katika kompyuta.
Folda: kibebeo cha mafaili, jalada libaki kuwa la karatasi.
Faharasa ya utafutaji: orodha ambayo kompyuta huitazama inapotafuta.
Kuingiza katika faharasa: kuifanya folda iwe miongoni mwa zinazopitiwa na kuorodheshwa.
Kuacha nje ya faharasa: kutoiingiza folda kwa makusudi.
Kuandika faharasa upya: kufuta orodha na kuanza nyingine, pasipo kugusa nyaraka.
Haikupatikana: matokeo ya utafutaji mmoja, haipatikani isitumike.
Haimo: haijaingizwa katika faharasa.
Haiko mahali pake: imehamishwa.
Haipo: itumike tu pale inapothibitika kwamba folda imefutwa au haikupata kufunguliwa.

Hitimisho

Tumezoea kudhani kwamba upungufu wa Kiswahili katika mambo ya kompyuta ni upungufu wa majina, na kwamba orodha ndefu zaidi ya istilahi ndiyo dawa. Katika suala hili majina yalikuwapo, na sarufi ilikuwapo pia, tena imekamilika. Kilichokosekana ni mfasiri kujiuliza hali gani inaelezwa kabla ya kuandika neno. Vyuo vinavyofundisha utunzaji wa kumbukumbu, Chuo cha Utumishi wa Umma kikiwa miongoni mwao, vingefanya vema kuweka somo la folda za kompyuta karibu na somo la rejista ya majalada, ili mwanafunzi aone kwamba ni kazi moja yenye vyombo viwili. Nao walimu wa sarufi, wanapofundisha -po, -ko na -mo, wasiishie kwenye kikombe na meza. Wamweleze mwanafunzi kwamba siku moja, mbele ya mwananchi anayesubiri, tofauti ya viambishi hivyo itaamua kama jalada la mtu limepotea au linangoja tu kuingizwa katika orodha.